Hodi! Uganga usio wa vita katika Dungeons & Dragons

Habari za jioni, jamani. Naona wengine mmekuja na kete mfukoni mkidhani tunaanza kucheza moja kwa moja. Tutacheza, msijali, ila nimeombwa niseme kidogo kwanza, na mnaonifahamu mnajua kidogo changu kilivyo.

Nianze na mlango. Ni wa mbao nene, umekazwa kwa mikanda ya chuma, kufuli lake limeshika kutu, na nyuma yake kuna kitu mlichokifuata kwa siku tatu za kutembea. Mwenge umebaki nusu. Mpiganaji ana shoka, mwizi ana waya zake, mchawi ana dawa moja ya kufungulia. Nani atafungua?

Swali hilo nimewauliza wachezaji tangu 2009, kwa vitabu vya matoleo tofauti, na kila toleo lina jibu lake. Watu wakibishana kuhusu matoleo ya Dungeons & Dragons, mchezo wetu wa mezani wa kuigiza wahusika kwa kete na vitabu, huwa wanabishana juu ya mapigano: mpira wa moto unaua wangapi, nani ana nguvu kuliko nani. Mimi kurasa hizo nazisoma mwisho. Nikipata kitabu kipya natafuta kwanza dawa za kufungua, za kuwasha taa, za kutambua, za kusafisha, za kulisha watu, halafu natazama jambo moja tu: bei. Na bei si lazima iwe dhahabu. Ni chochote unachokipoteza ili mlango ufunguke. Kwa miaka hamsini bei hiyo imepanda, imeshuka, na kuna toleo moja lililoidai kwa sarafu ambayo hakuna aliyetaka kuitoa.

Kabla sijaenda mbali, niweke sawa maneno. Waliotunga mchezo huu ni Wamarekani, na kitabu chao cha kwanza kina neno moja la kumtosha aliyechoma kijiji na aliyetafuta mbuzi aliyepotea. Sisi hatuna umaskini huo. Mchawi anadhuru. Mganga anaagua. Anayetafuta kilichopotea anapiga ramli. Anayekinga nyumba anazindika. Anayetoa njiwa kwenye kofia anafanya mazingaombwe. Katika hao wote, anayekwenda vitani ni mmoja tu. Kwa hiyo mada ya leo, uganga usio wa vita, Kiswahili kilishaigawa kabla mimi na wewe hatujazaliwa.

Hata hivyo mezani kwetu tunamwita mhusika mchawi, kwa mazoea tu, na mazoea hayo yameniponza. Mama mwenye nyumba wangu alipita dirishani jioni moja akamsikia kijana akitangaza kwa sauti: "Mimi ni mchawi wa daraja la tatu na nimebakiwa na dawa moja!" Ilinichukua wiki nzima kueleza. Daraja ni kiwango alichofikia mhusika. Dawa, kwa wageni, ndivyo tunavyoita kila uchawi mmoja ulioandikwa kitabuni, kama watu wanavyosema fulani ana dawa ya kufungulia biashara. Ya kunywa tunaiita chupa, tusichanganye. Ile ya kulaza watu ni Usingizi. Ile ya kumvuta mtu akupende na akutii, bila shaka, ni Limbwata. Na dawa ya kufungua milango, ambayo kitabuni inaitwa Knock, sisi tuliibatiza Hodi. Shikeni jina hilo, nitalirudia mpaka mchoke.

Turudi 1974. Gary Gygax na Dave Arneson wanatoa vijitabu vitatu ndani ya boksi, nakala 1,000, kupitia kampuni ndogo iitwayo TSR, katika mji wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin. Mchezo umezaliwa na michezo ya vita, ile ya kupanga vijisanamu vya askari mezani. Katika kanuni za vita alizotoa Gygax na mwenzake mwaka 1971, mchawi alikuwa silaha kubwa ya jeshi: mpira wake wa moto ulihesabiwa kama jiwe la manati kubwa, na radi yake kama mzinga. Ungetegemea basi kwamba akishuka ardhini, kwenye mapango, ataendelea kuwa mzinga.

Sasa fungua orodha ya dawa za ngazi ya kwanza, yaani zile za chini kabisa, za 1974. Ziko nane. Kutambua uchawi. Kuzuia mlango. Kusoma maandishi ya kichawi. Kusoma lugha za watu. Kinga dhidi ya uovu. Mwanga. Limbwata. Usingizi. Basi. Hakuna hata moja inayomtoa mtu damu. Ule mshale wa uchawi ambao leo kila mwanafunzi wa uchawi anakuja nao, kama kijana wa boda boda na helmeti yake, uliongezwa mwaka 1975 katika kitabu cha nyongeza. Usingizi na Limbwata vilitumika sana kwenye mapigano, sikatai, lakini hata hizo zinafanya kazi ya kukwepa pigano kuliko ya kulipigana. Wewe fikiria: mtu aliyekuwa mzinga juani, akishuka chini ya ardhi anageuka fundi wa kufuli, mkalimani na mshika taa.

Ngazi ya pili ndipo Hodi ilipo, pamoja na ndugu yake wa kufunga milango kwa uchawi, na ramli ya kutafuta vitu, na dawa ya kutoonekana. Na hapa kuna jambo linalonifurahisha kila nikilikumbuka. Mwizi, yule mhusika mwenye waya na vidole vyepesi, hakuwepo mwaka 1974. Alikuja 1975, katika nyongeza ile ile iliyoleta mshale wa uchawi. Maana yake Hodi ni kongwe kuliko mwizi. Ugomvi wote ambao nitawasimulia, wa mchawi kumnyang'anya mwizi kazi, ulianza kinyume: mwizi ndiye aliyeingia kwenye shamba la mchawi.

Kwa nini mchezo uliozaliwa na vita uanze na dawa za mlango na taa? Kwa sababu ya hesabu. Katika mchezo ule wa zamani ulipanda daraja zaidi kwa hazina kuliko kwa kuua. Kipande kimoja cha dhahabu ukikifikisha juu salama ni pointi moja ya uzoefu. Kitabu cha wanaoanza cha 1981 kinampa goblini mmoja, yule zimwi mdogo, pointi 5. Goblini kumi, ukiwaua wote na kuzika wenzako wawili, ni pointi 50, mnagawana mliobaki. Sanduku lenye dhahabu 1,000 nyuma ya mlango, ukilitoa bila goblini hata mmoja kuamka, ni pointi 1,000. Mwenye akili anatafuta mlango.

Lakini mlango ukiupiga shoka unapiga kelele, na kelele ina wasikilizaji. Muda ulihesabiwa kwa zamu za dakika 10. Katika vijitabu vya kwanza, kila zamu ikiisha msimamizi wa mchezo anatupa kete ya pande sita; ikiangukia 6, kuna kitu kinakuja kwenye korido. Mwenge ulidumu zamu sita, saa moja, kisha giza. Kwa hiyo Hodi iliuza vitu viwili: kufunguka na ukimya. Na bei yake? Nafasi. Mchawi wa daraja la tatu alikuwa na nafasi moja tu ya ngazi ya pili kwa siku nzima. Asubuhi, kabla hajaona pango lina nini, anafungua kitabu na kuhifadhi dawa kwa moyo kama mtoto wa madrasa anavyohifadhi sura. Akiitamka, imefutika mpaka kesho aihifadhi upya. Wazo hilo Gygax alilitoa kwa mwandishi wa hadithi Jack Vance, na hakuficha. Ukibeba Hodi, umeacha kutoonekana nyumbani. Ukikuta siku hiyo hakuna mlango uliofungwa, umebeba mzigo bure. Unalipa kwa kubahatisha.

Wachezaji wa leo wanalichukia jambo hilo. Wananiambia ni ukatili. Ninawaelewa, na sikubaliani nao.

Mwishoni mwa miaka ya sabini yakaja matoleo ya kina, yale yaliyoitwa ya hali ya juu. Kitabu cha wachezaji ni cha 1978. Hapo Gygax alianza kutafuta bei nyingine, na aliipata kwenye mwili. Kuna dawa ya kutambua kitu cha uchawi kinafanya nini. Umepata pete shimoni, unataka kujua kama inakulinda au inakulaani. Leo ni jambo la dakika chache. Mwaka 1978 ilikuwa hivi: unachukua lulu ya vipande 100 vya dhahabu, unailoweka kwenye divai pamoja na unyoya wa bundi, unakunywa. Na kabla ya hapo unameza samaki mdogo. Mzima. Akiwa hai. Msiniwazie dagaa wa kukaanga wenye pilipili, nasema samaki anayechezacheza mkia kooni. Ukimaliza, unapoteza pointi 8 za siha yako, nazo zinarudi moja kwa kila saa ya kupumzika. Aliyekuwa na siha ya 12 anabaki na 4, amelala chali, ameshika tumbo, na pete bado haijamwambia kila kitu.

Wengi wanaona ni mzaha, na ni kweli Gygax alikuwa na mzaha mwingi kwenye vifaa vya dawa zake. Mimi naona kafara. Anayekwenda kwa mganga anajua ataambiwa alete kitu, na kitu chenyewe hakitakuwa rahisi. Kuku mweusi asiye na doa, si kuku yeyote. Ugumu wa kafara ndio unaomfanya mtu aulize kama kweli anahitaji kujua. Mezani, swali "je, tunahitaji kujua pete hii ni ya nini?" linaleta nusu saa ya maongezi matamu. Mmoja anasema ivae tu. Mwingine anasema wewe ndiye uvae.

Kisha kuna dawa ndogo zilizoingia kitabuni mwaka 1985. Hizi nazipenda kuliko zote, na najua hazikumfaa mtu. Zilitolewa kama dawa za wanagenzi, za yule kijana anayefagia kwa mchawi mkubwa akisubiri kufundishwa. Kung'arisha. Kutia chumvi. Kutia utamu. Kushona. Kukausha. Kufukuza vumbi. Kuua mdudu. Kufunga fundo. Na upande wa pili zipo za utundu: kuchachusha maziwa, kumwaga kikombe, kumfanya mtu apige chafya, apige miayo, acheke bila sababu. Soma orodha ile polepole na utaona nyumba nzima. Unaona jiko, unaona mwalimu mkali, unaona kijana wa miaka kumi na minne akitia chumvi kwenye sufuria kwa uchawi kwa sababu amechoka kushuka ngazi. Hakuna ukurasa mwingine katika vitabu vile unaoniambia wachawi wanaishi vipi siku wasiyoenda vitani.

Bei yake ndiyo iliyoziua. Dawa nne ndogo zilichukua nafasi moja ya ngazi ya kwanza. Mchawi wa daraja la kwanza ana nafasi moja tu. Nani ataacha Usingizi, unaolaza goblini kundi zima, abebe chumvi, sukari, sindano na ufagio? Sijamwona. Toleo la pili, la 1989, likazikusanya zote likazifanya dawa moja ya kufanya vitu vidogo vidogo, na toleo la tatu likaigeuza kuwa Mazingaombwe, ya saa moja: safisha, chafua, pasha moto, poza, tia ladha. Ndiyo hiyo mnayoijua. Inafaa zaidi, ila jiko limepotea ndani yake.

Toleo la pili nalipita haraka, wenye nalo wanisamehe. Dhahabu kuwa pointi ilishushwa ikawa jambo la hiari ya msimamizi, na hilo peke yake lilibadilisha mchezo kuliko dawa yoyote. Hata hivyo walimpa mchawi pointi zake mwenyewe kwa kutumia dawa kushinda adui au kutatua tatizo. Tatizo, nasisitiza. Mlango ni tatizo.

Sasa toleo la tatu. Hapa nina deni la kuungama.

Lilitoka mwaka 2000, TSR ikiwa imeshanunuliwa na kampuni ya Wizards of the Coast, likarekebishwa 2003. Ndilo nililoanza nalo, kwa fotokopi iliyofungwa kwa waya wa ond, kurasa nyingine zimekatwa pembeni kiasi kwamba mpaka leo kuna dawa nazijua nusu. Ni toleo linalopenda kila kitu kiwe na bei ya dukani. Mchawi tangu daraja la kwanza anajua kuandika hati: dawa inakaa kwenye karatasi, unaisoma, inafanya kazi, karatasi inakwisha. Hati ya Hodi sokoni ni dhahabu 150. Ukiiandika mwenyewe ni 75 na tone la uzoefu, pointi 6. Kwa mchawi wa daraja la saba hizo ni pesa za vocha.

Mnaona kilichotokea. Ile bei ya zamani, ya kubahatisha asubuhi, imefutika. Huachi chochote nyumbani. Unaweka Hodi tano kwenye mkoba na nafasi zako zote unajaza moto. Tena Hodi ya toleo hilo haitupi kete. Kufuli zuri linamtaka mwizi afikishe 30 kwa kete ya pande 20 pamoja na ujuzi aliousomea daraja baada ya daraja. Hodi inasema funguka, linafunguka. Hata kufuli gumu kabisa.

Mezani kwangu mwizi alichezwa na rafiki yangu wa siku nyingi. Alikuwa ametumia pointi zake zote kwenye kufuli na mitego, na alikuwa na tabia ya kueleza kwa mikono: anainama, anaweka sikio, anazungusha waya mmoja kwa kidole gumba. Alikuwa akiigiza hivyo, kimya, sisi wote tunamtazama. Kisha mchawi wetu akaanza kuja na hati. Mlango wa kwanza akasema, "Aa, usijisumbue, ninayo." Wa pili vilevile. Wa tatu rafiki yangu hakuinama. Alikuwa anatazama simu. Nilimwona, nikaendelea kusoma maelezo ya chumba kilichofuata. Wiki mbili baadaye alisema kazi zimembana. Labda zilimbana kweli. Lakini mimi nilikuwa msimamizi na lile lilikuwa jukumu langu, na nililaumu kitabu kwa miaka kadhaa kabla sijajilaumu mimi.

Walioandika toleo la nne nadhani walikuwa na rafiki kama huyo. Lilitoka 2008, na linatukanwa sana, ila katika suala letu lilikuwa na wazo safi kuliko yote. Walisema: tutenganishe. Dawa za mapigano zikae kwao, na hizi nyingine zote, kufungua, kuelewa lugha, kubeba mizigo, hata kufufua mfu, ziwe matambiko. Zinaandikwa kwenye kitabu chao. Hazigombani na moto kwa nafasi. Na si za mchawi peke yake. Mhusika yeyote aliyesomea uchawi au dini anaweza kujifunza kutambika. Nilipolisoma mara ya kwanza nilipiga meza kwa furaha.

Hodi ikawa tambiko la dakika 10, linalokula vifaa vya dhahabu 35 na kipande cha nguvu zako za kupona. Bado inabidi utupe kete, na mwizi anayetumia waya hachomi dhahabu hata moja. Kwenye karatasi, haki imetendeka.

Basi tukacheza karibu mwaka mzima. Matambiko yalifanywa mara nne. Nilihesabu kwa sababu niliudhika. Kila tukifika mlangoni, mtu anasema "tambika," na mwingine anajibu "35? Ngoja kwanza," na shoka linatoka. Ilinichukua muda kuelewa. Katika toleo lile dhahabu ndiyo nguvu: dhahabu hiyo hiyo ndiyo inayonunua upanga bora na ngao bora, na kanuni zinategemea uwe navyo kila daraja. Ukichoma 35 leo ni kana kwamba umeukata upanga wako wa kesho ncha. Nafasi ya dawa ukiitumia inarudi asubuhi. Siha ukiipoteza inarudi ukilala. Dhahabu hairudi. Mtu mzima anayejua kubana matumizi hatambiki. Kwa hiyo walilitenganisha tambiko na moto, wakaenda kuligombanisha na panga, na tambiko likashindwa.

Toleo la tano ni la 2014, na wengi wenu ndipo mlipoanzia. Tambiko limebaki lakini dhahabu kwa sehemu kubwa imeondolewa: dawa yenye alama ya tambiko unaweza kuifanya bila kutumia nafasi, ila inachukua dakika 10 zaidi. Kutambua, kuelewa lugha, kutafuta uchawi, kuita mtumishi asiyeonekana, kupumua majini, zote hivyo. Lulu ya 100 ipo bado kwenye dawa ya kutambua ila haiishi. Bundi kabakiza unyoya wake. Samaki kasamehewa. Marekebisho ya 2024 yamelegeza zaidi, kwamba yeyote aliyeandaa dawa yenye alama hiyo anaweza kuitambika.

Dakika 10. Mnakumbuka tulikutana nazo wapi? Ndiyo zamu ile ile ya 1974. Tofauti ni kwamba wakati ule zamu ikiisha kete inaanguka na mwenge unapungua. Siku hizi mchezaji anasema "nafanya tambiko," msimamizi anasema "haya, dakika kumi zimepita," na hakuna kilichopita. Hakuna mwenge, maana dawa ya mwanga ni ya bure, unaiwasha siku nzima. Hakuna njaa, maana kuna dawa ya matunda kumi ambayo kila tunda linamshibisha mtu siku nzima. Tuliwahi kucheza umeme ukiwa umekatika, simu mbili zimesimamishwa kwenye vikombe kutumulikia ramani, na kila mtu anaangalia asilimia ya chaji. Mezani tulikuwa na hofu ya giza kuliko wahusika wetu waliokuwa chini ya ardhi. Nilicheka, lakini nilianza kufikiri.

Lakini, na hapa ndipo ninapolivulia toleo la tano kofia, angalieni walivyoifanya Hodi. Haina alama ya tambiko. Inakula nafasi. Na ikitamkwa, kufuli linafunguka kwa kishindo, mgongano mkubwa wa kubisha unaosikika mpaka umbali wa futi 300. Hodi kweli kweli. Unabisha, na huko ndani lazima mtu aseme karibu. Ile dawa ya 1974 iliyokuwa ikiuza ukimya imegeuzwa kichwa chini: sasa mwenye ukimya ni mwizi na waya zake, na mchawi ni yule mwenye haraka. Hakuna dhahabu, hakuna samaki, hakuna hesabu. Bei ni kelele, na kelele inalipwa na kila aliyepo mezani, sio mchawi peke yake. Kwa maoni yangu ndiyo bei bora iliyowahi kuandikwa kwa mlango, na haizidi sentensi mbili.

Mezani kwangu sasa nimerudisha kete ya pande sita. Dakika 10 zikipita, natupa, mbele ya macho yao. Nimeondoa mwanga wa bure pia. Ukitaka taa, beba taa. Wengine walinung'unika. Mmoja aliniita mzee. Lakini matambiko yamerudi kuwa na uzito, mtu anauliza wenzake kabla hajaanza.

Nimalizie na kilichotokea mezani wiki tatu zilizopita. Mlango ule ule niliowaonyesha mwanzoni. Mchawi anataka Hodi, wenzake wanakataa, kelele. Kasisi wetu, dada mmoja mtulivu sana, anasema yeye ana Kimya: duara la futi 20 kila upande ambamo sauti haizaliwi wala haipiti. Tukafungua kitabu, tukabishana, tukakubaliana. Kasisi anaweka Kimya mlangoni. Mchawi, kwa kuwa dawa inataka kutamkwa, anarudi nyuma hatua kadhaa kwenye korido, nje ya duara, anasema neno lake. Kufuli linapasuka na hakuna anayesikia kitu. Meza nzima ikapiga makofi.

Mpiganaji na mwizi wakasukuma mlango. Ndani kulikuwa na walinzi wanne wanakula. Walinzi wakasimama. Mpiganaji akasema kwa sauti, yaani mchezaji wake alisema: "Nawapigia kelele wenzangu waje!" Nikamwangalia. Akaniangalia. Akakumbuka amesimama wapi. Aliutoa ulimi, akakipiga ngumi kifua chake, akaanza kupunga mikono kama mtu anayesimamisha daladala, na kule kwenye korido mchawi na kasisi wamegeuza migongo, wanapongezana.

Walitoka wazima, wamechanika chanika. Ukumbini kulikuwa na mlango mwingine, mdogo, wa chuma. Mchawi hakusema kitu. Mwizi alishapiga magoti, sikio kwenye kufuli, anatafuta waya mwembamba, nasi wote tukanyamaza kumsubiri.

Haya, mezani.